Mazishi Hayarudiwi

Jumatatu, 4 Septemba 1972

Verlene Mabry amerudi Alabama kutoka California. Amekuja na kamera, masanduku ya mikanda, na mpiga picha aitwaye Julius ambaye aliingia nyumbani kwangu bila kuvua kofia. Nilimtazama mpaka akaivua.

Verlene nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali baada ya kengele kulia. Sasa ni mwanamke mzima mwenye suruali ya jinzi na nywele zilizoachwa zisimame zitakavyo, na maswali hayajamwisha. Anataka kutengeneza filamu juu ya Hosea.

Hosea alikuwa mdogo wangu. Mwaka 1931 Wazungu wa wilaya hii walimtoa jela, wakamnyonga kwenye mti ulio nyuma ya kinu cha pamba, wakautupa mwili wake mtoni. Hatukuupata. Mkuu wa polisi wa wakati huo alimwonya mchungaji wetu kwamba atakayemfanyia Hosea ibada ya mazishi atamfuata alikokwenda. Kwa hiyo hakufanyiwa. Mama alikufa akiendelea kungoja.

"Mwalimu," Verlene aliniambia, "nataka wewe ndiye ucheze mama yake."

"Mama yangu alikuwa mfupi."

"Kamera haitajua."

"Mimi nitajua."

Nimemwambia nitafikiri. Alipoondoka niliona kwamba Julius ameacha majivu ya sigara kwenye sahani ya maua.

Jumatano, 6 Septemba

Joto. Pamba imefunguka mapema.

Jumamosi, 9 Septemba

Dada Bernice, jirani yangu na mkuu wa akina mama wa kanisa, ameleta mkate wa viazi vitamu. Bernice haleti mkate bila kuondoka na habari.

"Ni zile filamu za wanaume wenye bastola na makoti ya manyoya?"

"Siyo."

"Basi nani atatoa kiingilio?"

"Sijui."

"Na wewe utavaa nini?"

"Sijakubali, Bernice."

"Vyema. Lakini ukikubali, lile gauni la kijivu liache kabatini. Linakufanya uonekane kama gunia lililofungwa katikati."

Jumapili, 17 Septemba

Baada ya ibada Mchungaji Tolliver alimpa Verlene nafasi ya kusema. Alimpa kwa shingo upande, akiangalia mlango mara kwa mara kana kwamba kuna mtu wa kumsikia nje. Mchungaji huyu ni kijana na ni mwoga. Nimelisema hilo tangu alipoletwa kwetu.

Verlene alisema kwamba amekwenda kwa kampuni za filamu, na kila moja ilimtaka aweke Mzungu mwema katikati ya hadithi. Amekataa. Atatumia akiba yake na watu wa hapa. Hakutakuwa na mtu wa kutusemea. Akasema tena kwamba filamu itaishia kwa mazishi ambayo Hosea hakufanyiwa, katika kanisa hili na katika makaburi haya.

Nikajikuta nimesimama.

"Nitacheza," nilisema.

Bernice alinivuta gauni nikae.

Ninaandika sababu ili nisije nikajidanganya baadaye. Filamu siijui wala siipendi. Nimekubali kwa ajili ya mazishi tu. Umri wangu ni miaka sitini na minane na sijui njia nyingine ya kumzika mdogo wangu.

Ijumaa, 22 Septemba

Wendell Gaines atakuwa Hosea. Ni kibarua wa kinu cha pamba na anaishi na mama yake katika nyumba inayomilikiwa na kinu. Darasani alikuwa mvivu, mwenye kipaji cha kuwachekesha waliotaka kusoma. Nilimwambia Verlene kwamba Hosea hakuwa mtu wa kuchekacheka.

"Alikuwaje, Mwalimu?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Nilichokikumbuka kwanza ni Hosea akicheka.

Alhamisi, 28 Septemba

Tumepiga picha shambani kwa Shemasi Purvis tangu asubuhi. Niliambiwa nitembee kutoka mti mmoja hadi mwingine, kisha nirudi, kisha nitembee tena. Nilimwuliza Verlene kama nilikosea kutembea. Akasema la, wingu lilipita.

Niliambiwa pia nilie. Nilimjibu kwamba kulia si kazi ya kuagizwa. Alinitazama, akasema, "Basi usilie, Mwalimu. Simama tu." Nikasimama. Inaonekana hilo ndilo alilolitaka.

Jumapili, 1 Oktoba

Joto bado. Mchungaji amehubiri juu ya Yona. Alihubiri vibaya.

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo wamepiga picha ya kunyongwa kwa Hosea. Mimi sikutakiwa pale. Nilikwenda.

Verlene alikuwa ameahidiwa waigizaji Wazungu kutoka mjini, watu wa chuo wenye moyo. Mmoja mmoja walipatwa na udhuru. Jana jioni hakubaki hata mmoja. Akaamua kuwatumia mashemasi wetu. Kamera isingeonyesha nyuso: ingeonyesha migongo, kofia, viatu, na mikono yenye glavu.

Tulikuwa nyuma ya kinu. Ule mti ulikatwa zamani, kwa hiyo walitumia mwingine. Wendell alikaa kwenye gari la Purvis akila karanga, mikono yake ikiwa imefungwa mbele kwa kamba iliyolegezwa.

"Nani atashika kamba?" Verlene aliuliza.

Mashemasi walirudi nyuma hatua moja.

"Shemasi Purvis?"

"Mimi? Nishike kamba ya kumnyongea mtoto niliyembeba siku ya ubatizo wake? Hapana, binti yangu."

"Ni picha tu, Shemasi."

"Wewe kamera yako ni ya picha. Kamba ni kamba."

"Ishikeni tu, wazee," Wendell alisema kutoka garini. "Karanga zinaniisha."

Ndipo Mchungaji Tolliver alipovua koti lake, akalikunja, akampa Bernice. Akavaa kofia na glavu, akaiokota kamba.

"Tusipoionyesha sisi," alisema, "tutakuwa tumewaachia waliofanya, na wao hawataionyesha."

Baada ya hapo wengine walizifuata kofia. Niliyaandika hapo juu maneno juu ya mchungaji huyu. Sitayafuta, lakini leo nimeona si ya kweli.

Kisha Julius akaita kutoka chini, kwa maana alikuwa amelala kwenye nyasi na kamera yake. "Verlene, njoo utazame viatu."

Wanaume wote walikuwa wamepiga viatu rangi. Waliambiwa kuna kupigwa picha, na kwetu mtu haendi kupigwa picha na viatu vichafu. Kundi zima la wauaji lilikuwa linang'aa kuanzia magoti kwenda chini.

"Jamani," alisema Bernice, "wamekuja kunyonga au kuposa?"

Verlene aliwaomba wavikanyagishe kwenye tope. Purvis alikuwa ameshaanza.

"Viacheni," nilisema. "Waliomnyonga Hosea walitoka ibadani. Ilikuwa Jumapili. Viatu vyao vilikuwa hivyo hivyo."

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu jambo hilo. Verlene hakuniuliza nimejuaje. Alimwambia Julius apige viatu, viatu peke yake, na asiinue kamera mpaka amwambie.

Sitaandika yaliyofuata. Wendell alikuwa juu ya sanduku lililofichwa na hakudhurika. Lakini Verlene aliposema "kata," ili kamera isimame, hakuna mwanamume aliyeweza kumtazama Wendell. Jioni walimwendea mmoja mmoja nyumbani kwa mama yake. Purvis alipeleka tikiti maji, mwingine shati jipya, mwingine paja la nguruwe lililokaushwa.

"Mkiendelea hivi," Wendell aliwaambia, "niueni kila Jumamosi."

Wakati tunafungasha vitu, gari la meneja wa kinu lilipita polepole barabarani. Lilisimama. Halikuzima injini. Kisha likaondoka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Wendell amefukuzwa kazi. Yeye na mama yake wametakiwa kutoka katika nyumba ya kinu kabla ya mwezi kwisha. Meneja hakutaja filamu. Alisema kazi imepungua, nayo pamba imejaa hadi mlangoni.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mvua.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mvua. Pamba iliyobaki mashambani imeanza kuwa ya kijivu.

Jumanne, 17 Oktoba

Mvua. Mtu amefyatulia risasi kioo cha gari la Verlene likiwa limeegeshwa mbele ya kanisa. Hapakuwa na mtu ndani. Julius alizibandika nyufa kwa utepe wa gundi na leo, alipoingia kwangu, alikuwa ameshika kofia mkononi.

Nilimwuliza Verlene kama ataondoka.

"Bado mazishi, Mwalimu."

"Ndiyo," nilisema. "Bado mazishi."

Jumapili, 22 Oktoba

Jana tulimzika Hosea.

Shemasi Purvis alitengeneza jeneza la msonobari, kamili, lenye vishikio. Nilimpa viatu vya Hosea vya Jumapili, ambavyo Mama alivihifadhi na mimi nikavihifadhi baada yake. Verlene alitaka jeneza tupu, kwa kuwa kamera haingeona ndani. Niliviweka mwenyewe.

Verlene alikuwa amewaeleza watu mpango wake: Mchungaji angesema maneno machache, yeye angesema "kata," kisha wangeanza sehemu nyingine. Kwaya ingeimba ubeti mmoja. Jeneza lingeshushwa taratibu, na kama halikushuka vizuri lingepandishwa na kushushwa tena. Kila mtu aliitikia kwa kichwa. Nilidhani wameelewa. Nilidhani nami nimeelewa.

Lakini Bernice alikuwa amepiga simu. Asubuhi mvua ilipokatika, magari yalianza kuja kutoka Mobile na Montgomery, na moja kutoka mbali kama Chicago, likiwa na binamu zetu ambao sikuwaona tangu Vita Kuu ya Pili. Walivaa nyeusi. Akina mama wa mapokezi walisimama milangoni na glavu nyeupe. Ukumbini meza zilijaa kuku, mboga za majani, mkate wa mahindi. Kadi zenye jina la Hosea zilikuwa zimechapishwa. Verlene alizunguka na kinasa sauti begani, akiuliza, "Hawa ni nani? Nani amewaita?"

"Wafiwa," alisema Bernice.

Mchungaji alisema maneno yake machache. Verlene akasema, "Kata." Mchungaji hakukata. Alitoka kwenye mimbari, akashuka katikati ya watu, akalitaja jina la Hosea Stallworth kwa sauti ambayo sikujua anayo. Watu wakamjibu. Purvis akasimama, kisha mstari mzima ukasimama.

"Kata! Mchungaji, samahani, kata!"

"Mwambieni huyo mtoto anyamaze," alisema mzee mmoja wa Chicago. "Kuna msiba hapa."

Julius aliendelea kupiga picha kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Mkanda mmoja ulikwisha, akaweka mwingine, nao ukaisha. Tulipofika makaburini alikuwa amepiga magoti kando ya mwerezi, mikono yake yote miwili ikiwa ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, wa kubadilishia mikanda, kama mtu aliyetiwa pingu. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa.

"Subirini!" Verlene alipiga kelele. "Tafadhali, dakika moja tu! Subirini!"

Hawakusubiri. Wingu lilikuwa limekaribia, na mtu aliyekwisha kuinuliwa hawekwi chini kwa sababu ya mashine. Walimshusha. Bernice alivunja kikombe juu ya kaburi kama tunavyofanya, ili wafu wasirudi kutafuta vyombo vyao. Mvua ilianza tulipokuwa tukirudi kula.

Nilikula sahani mbili. Usiku nililala kama mtoto.

Jumanne, 24 Oktoba

Verlene amekuja. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mwalimu, sina kaburi. Nina kanisa, nina njia, nina watu wanatembea. Jeneza likishuka sina picha."

"Nimesikia."

"Ni viatu tu mle ndani. Tukifukua asubuhi, Julius akiwa tayari, tunashusha mara moja na kufukia. Mchungaji ameniambia ni wewe wa kuamua."

"Mazishi hayarudiwi, Verlene."

"Haya yalikuwa filamu!"

"Je, yalikuwa filamu?"

Alikuwa hajalala, hilo lilionekana. Nilimwekea chai na hakuigusa.

"Watu watakaoitazama watauliza mwishowe alifanyiwa nini," alisema.

"Waambie tulimzika."

"Filamu haiambii, Mwalimu. Inaonyesha. Wale walitaka asionekane tena. Ndiyo maana walimtupa mtoni."

Nimemwambia anipe siku chache.

Jumatano, 25 Oktoba

Bernice ameongea nami akiwa upande wa pili wa ua, bila mkate.

"Ukimfukua yule, Eudora, usinibishie hodi tena. Nakwambia mapema."

Alhamisi, 26 Oktoba

Wendell alikuja peke yake. Alikataa kuketi. Sijawahi kumwona bila mzaha usoni.

"Nimekuja kwa ile habari ya kaburi, Mwalimu."

"Sema."

"Mimi nimenyongwa. Nimefukuzwa kazi. Mama yangu yuko kule anafunga vyombo ndani ya maboksi, na kila anachofunga anakilia. Haya yote ni kwa ajili ya picha moja. Ikikosa mwisho nimeyapata bure."

"Hosea ni ndugu yangu, Wendell."

"Najua. Lakini Hosea ameshakufa, Mwalimu. Mimi bado."

Alingoja. Nilimwambia kwamba nimemsikia. Aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya nikimrudishia daftari, akaenda zake.

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Nimeyasoma tena na tena. Hayana kosa.

Jumapili, 29 Oktoba

Nilikwenda makaburini baada ya ibada. Mvua imelishusha kaburi katikati, kama linavyoshuka kaburi la mtu yeyote. Vipande vya kikombe viko pale. Nilijaribu kuliona jeneza likipandishwa, matope yakidondoka, Purvis na wenzake wakiwa wamelishika huku wakingoja Julius aseme yuko tayari. Niliweza kuliona bila shida. Ndipo nilipojua kwamba sitaweza kulitenda.

Verlene alikuwa akinisubiri kwenye ngazi za kanisa.

"Hapana," nilimwambia.

"Mwalimu."

"Amelala. Mwacheni."

Aliponitazama macho yake yalikuwa makavu.

"Wao walimficha mtoni," alisema, "wewe umemficha ardhini. Tofauti ni nini?"

"Chunga mdomo wako."

"Ndiyo, Mwalimu."

Waliondoka kabla ya giza, wakiwa na kile kioo kilichobandikwa. Hakuaga mtu.

Jumanne, 31 Oktoba

Wendell na mama yake wamepita mbele ya nyumba yangu kwenye gari la mizigo, wakienda Detroit kwa mjomba wake. Nilikuwa barazani. Nilipunga mkono. Mama yake alipunga. Wendell alitazama mbele.

Jumapili, 12 Novemba

Ibada. Baridi. Bernice ameleta mkate.

Jumamosi, 25 Novemba

Mashamba yamebaki mabua. Katika ile nyumba ya kinu wameweka matrekta.

Jumapili, 17 Desemba

Verlene alirudi jana, peke yake, na filamu. Alimwomba Mchungaji ukuta wa kuionyeshea. Bernice alitoa shuka lake jipya, akalipiga pasi, wakalitundika mbele ya mimbari. Kanisa lilijaa. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mlango.

Siwezi kuihukumu filamu. Niliona shamba la Purvis likiwa zuri kuliko lilivyo. Niliona mwanamke mrefu, mzee, amesimama chini ya mti, na nilikawia kumtambua. Viatu vilipotokea, vile viatu vinavyong'aa, wanaume waliokaa mbele yangu walivuta miguu yao chini ya benchi. Wendell alipocheka kwa mara ya mwisho, mtu alianza kulia upande wa kwaya.

Kisha kanisa letu, jeneza, njia ya makaburini. Kisha giza.

"Mashine imeharibika," alisema Purvis. "Washeni taa!"

"Haijaharibika," Verlene alisema kutoka nyuma. "Kaeni, wazee wangu. Sikilizeni."

Shuka lilikuwa jeusi kabisa. Ndani ya giza tukasikia kamba zikisuguana na mbao. Tukasikia kwaya, na udongo wa kwanza ukidondoka, na Verlene mwenyewe akilia, "Subirini, tafadhali!" Hakuyafuta hayo. Ilikuwa ndefu. Watu walianza kuimba pamoja na sauti zao wenyewe, taratibu, na wengine walishikana mikono kwa kuwa hawakuonana.

Halafu sauti ya mwanamke, karibu sana, ikasema: "Msimfunike bado. Hajala."

Nilingoja nimsikie Bernice akiuliza ni nani. Hakuuliza. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wakijua, walikuwa pale, wamejua tangu siku ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba niliyasema.

Mwaka 1931, Jumamosi ile kabla ya Jumapili ya kunyongwa, walimkamata Hosea akiwa mezani. Mimi ndiye niliyempakulia, na hakuwahi kula.

Taa zilipowashwa nilikuwa nimekwisha kutoka. Verlene alinifuata hadi ngazini bila koti.

"Naweza kuitoa sauti yako, Mwalimu. Ni kipande kidogo. Hakuna atakayejua kilikuwepo."

Nilimwuliza kama filamu itafika Detroit.

"Ikipata ukumbi. Mpaka sasa wote wamekataa. Wanasema hakuna mtu atakayelipa kutazama giza."

"Je, Wendell ameandika?"

"Hapana."

Upepo ulikuwa mkali. Ndani walikuwa wakiburuta mabenchi kurudi mahali pake.

"Iache," nilimwambia.

"Yote?"

"Yote. Na ukimpata Wendell, mwonyeshe yeye kwanza."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Leo asubuhi sikwenda ibadani. Nimepika chakula cha mchana, nikakipakua, kisha nikakaa mbele yake mpaka kikapoa.